Kaboni ya nano na utelezi wa bakteria: inazuia wapi, inashindwa wapi

Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa mtungi wa lita 20 uliobeba maji ya kisima mwezi mzima bila kusuguliwa. Kinateleza. Maji yanaweza kuwa maangavu na yasiwe na harufu yoyote, na bado kidole kinateleza. Utelezi huo ni utando wa bakteria, yaani makazi yaliyojengwa na bakteria wenyewe. Seli zimejishika kwenye plastiki, zikajifunika kwa ute wa sukari ndefu, protini na vipande vya DNA, na humo ndani zinagawana chakula, zinapitishiana jeni na kuhimili dawa ambazo zingeziua zikiwa zinaelea. Kwa antibayotiki, seli iliyo ndani ya utando inaweza kuhitaji dozi kubwa mara 10 hadi 1,000 kuliko ile inayoua seli inayoelea. Klorini nayo hukwama kwa sababu nyingine: ni kali lakini haichagui, kwa hivyo huishia kupambana na ute wa juu kabla haijafika kwenye seli za chini.

Mombasa ina kila kitu ambacho utando wa bakteria unakitaka. Maji ya mfereji hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima na Marere na visima vya Baricho na Tiwi, na hayaji kila siku, kwa hivyo kila nyumba, hoteli na zahanati huweka akiba kwenye matangi. Maji yakikaa juu ya paa kwenye joto la Pwani, klorini iliyokuja nayo hupungua siku baada ya siku, huku bakteria kama Pseudomonas wakipata ukuta wa kushika. Legionella, anayeleta homa ya mapafu kwa kupitia mvuke wa bafu na mitambo ya kupozea, hustawi kati ya nyuzi 25 na 45, na hupenda kujificha ndani ya utando uliojengwa na wenzake. Tangi jeusi linalopigwa na jua humpa joto hilo bila shida.

Ndipo hoja ya kaboni ya nano inapoingia, yaani kaboni yenye vipimo vya nanomita, sehemu ya milioni ya milimita. Wauzaji wa vichujio na rangi wameanza kutaja grafini, mojawapo ya kaboni hizo, kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Kuna sayansi ya kweli nyuma ya neno hilo, na sayansi hiyo ina masharti makali. Sharti la kwanza ni la muda.

Uso wowote ukiingia kwenye maji, ndani ya dakika chache hupakwa tabaka jembamba la protini na mabaki mengine ya viumbe yaliyomo. Kisha seli za kwanza hugusa na kujishikiza kwa ulegevu, zikiweza bado kusombwa na maji. Baada ya saa kadhaa hutoa ute na kufunga. Kufikia siku moja kuna vichuguu vidogo vya seli, na baada ya siku kadhaa utando umekomaa, una njia za maji ndani yake, na vipande vyake hukatika na kwenda kuanzisha makazi kwingine. Kaboni ya nano ina nguvu katika saa za mwanzo. Ute ukishafunga, karibu haina la kufanya, kwa sababu haiwezi kugusa seli. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kwamba unga wa grafini utaondoa utelezi uliokwisha kuota kwenye tangi lako anakuambia jambo ambalo utaratibu wenyewe wa utando unalikataa.

Kaboni zenyewe si kitu kimoja

Fulerini, mpira wa atomi 60 za kaboni, ilipatikana mwaka 1985. Mirija ya nano, kaboni iliyoviringwa kama bomba, ilielezwa na Sumio Iijima mwaka 1991. Grafini, karatasi yenye unene wa atomi moja tu, ilitengwa na Andre Geim na Konstantin Novoselov huko Manchester mwaka 2004, wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Kuna pia nukta za kaboni, chembe ndogo chini ya nanomita 10 zinazong'aa zikimulikwa. Kwa kazi ya utando, kinachotumika zaidi ni oksidi ya grafini, yaani grafini iliyopakwa oksijeni kwa kemikali, kwa sababu inakubali kuchanganyika na maji na ina mikono ya kuifungia kwenye vitu vingine.

Ukubwa unasaidia kuelewa. Seli ya E. koli, bakteria wa utumboni, ina urefu wa takriban mikromita 2, sawa na nanomita 2,000. Karatasi ya grafini ina unene wa nanomita 0.34. Makali yake ni membamba kuliko ngozi ya seli, na hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuua: ukingo unapenya kwenye ngozi ya mafuta ya bakteria, na kwa mujibu wa hesabu za kompyuta unaweza hata kunyonya molekuli za mafuta hayo hadi ngozi ivuje. Njia ya pili ni ya kemikali. Kaboni huchukua elektroni kutoka kwa molekuli za seli kama glutathioni, ambayo ndiyo kinga ya seli dhidi ya kuungua kwa oksijeni. Ya tatu ni kufunika: karatasi kubwa ikielea huweza kuizunguka seli na kuitenga na chakula. Nukta za kaboni na fulerini zina njia ya nne, kwa kuwa zikimulikwa hutengeneza aina kali za oksijeni.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita. Karatasi za grafini zikielea majini, zile kubwa ndizo kali zaidi, kwa sababu zinafunika. Zikiwa zimefungwa kwenye uso, zile ndogo ndizo kali, kwa sababu zina kingo nyingi na kasoro nyingi kwa kila eneo. Ukichukua matokeo ya majaribio ya kuelea ukayatumia kubuni rangi ya tangi, utachagua karatasi zisizofaa. Mwelekeo nao una uzito wake. Karatasi zikilala kifudifudi kwenye plastiki, bakteria hukaa juu yake kwa raha. Zikisimama wima, zinachoma. Watafiti wa Chalmers, Uswidi, walionyesha hilo mwaka 2018 kwa grafini iliyooteshwa wima.

Kwa nini majaribio yanapingana

Mwaka 2007 kundi la Menachem Elimelech, chuo cha Yale, lilionyesha kwamba mirija ya nano yenye ukuta mmoja, ikiwa safi, inaua E. koli kwa kuigusa. Mwaka 2010 makundi kadhaa yakaonyesha vivyo hivyo kwa grafini. Kisha mwaka 2011 ukatoka utafiti uliokuta bakteria wakikua haraka zaidi palipo na oksidi ya grafini, wakiitumia kama mahali pa kushika. Wote walipima kitu halisi. Tofauti iko kwenye usafi wa kaboni na kwenye maji waliyotumia.

Oksidi ya grafini hutengenezwa kwa njia ya Hummers ya mwaka 1958: grafiti, asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu. Isipooshwa mpaka maji ya suuzo yafike karibu na pH 7, hubaki na asidi na manganisi, na hizo zinaua bakteria kwa niaba yake. Mirija ya nano huoteshwa kwa vichocheo vya chuma, nikeli au kobalti, ambavyo pia ni sumu. Ripoti isiyosema mabaki ya madini ni kiasi gani haijathibitisha kwamba kaboni ndiyo iliyoua.

Upande wa pili, mchuzi wa kuoteshea bakteria maabarani umejaa protini, na protini hupaka kaboni mpaka makali yote yazibwe. Ndiyo maana kitu kinachoua kwenye maji ya chumvi safi hakiui kwenye mchuzi. Na maji ya mfereji, ya kisima au mkojo wa mgonjwa yanafanana zaidi na mchuzi kuliko na maji safi ya maabara.

Kwetu kuna tatizo jingine la ziada. Sehemu kubwa ya visima vya Mombasa imechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni kalsiamu. Oksidi ya grafini inayoelea huanza kugandamana kalsiamu ikifika kati ya milimoli 1 na 3 kwa lita, yaani kuanzia miligramu 40 hivi kwa lita. Maji yaliyopita kwenye matumbawe hufika hapo bila taabu. Maji ya bahari yana kalsiamu milimoli 10 na sodiamu karibu 470, na humo oksidi ya grafini huganda na kuzama chini kama tope jeusi. Kwa hiyo kaboni ya kumwaga majini haina nafasi hapa, hata kabla hatujauliza kama ni salama kunywa. Kinachobaki ni kaboni iliyofungwa kwenye uso.

Kiwambo cha kuondoa chumvi

Mahali ambapo naona faida ya kweli ni kwenye mitambo ya osmosisi kinyume, ile inayosukuma maji ya chumvi kupitia kiwambo cha poliamaidi, aina ya plastiki. Mji huu unazidi kutazama bahari na visima vya chumvi kama chanzo cha maji, na hoteli za ufuoni zimekuwa zikiendesha mitambo midogo ya namna hii. Adui mkubwa wa mitambo hiyo ni utando wa bakteria, na silaha ya kawaida haitumiki, kwa sababu klorini inakula poliamaidi. Viwambo vingi huhimili jumla ya takriban 1,000, ukizidisha miligramu za klorini kwa lita na saa za kugusana. Klorini ya 0.5 ikipita mfululizo, kiwambo kimekwisha baada ya saa 2,000, chini ya miezi mitatu. Ndiyo maana maji hutiwa klorini mwanzoni, kisha klorini huondolewa kwa metabaisalfaiti ya sodiamu kabla ya kufika kwenye kiwambo. Kwa hesabu ya kemia miligramu 1.34 zinatosha kuondoa miligramu 1 ya klorini, lakini mafundi huweka karibu 3 kwa usalama. Kuanzia hapo bakteria waliosalia hawana wa kuwazuia.

Fundi anaweza kujua kama tatizo ni bakteria au magadi, yaani chumvi iliyoganda kwenye kiwambo, bila kufungua kitu. Bakteria huziba viwambo vya mbele kwanza, kwa sababu chakula kinawafikia wao mwanzo, na dalili yake ni tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka kupanda kwenye hatua ya kwanza. Magadi huanzia mwisho, mahali chumvi ilipokolea. Tofauti ya presha ikipanda kwa asilimia 15, au maji yanayotoka yakipungua kwa asilimia 10, ni wakati wa kuosha. Anza na sabuni ya alkali, pH 11 hadi 12, joto karibu nyuzi 30 hadi 35, kwa mipaka ya mtengenezaji wa kiwambo, halafu ndipo utumie asidi. Ukianza na asidi, ute hugandamana na kushika zaidi, na alkali haitaung'oa tena vizuri.

Oksidi ya grafini inaingiaje? Poliamaidi ina vikundi vya kaboksili juu yake, mikono ya kemikali ya kushikia vitu vingine. Katika maji yenye asidi kidogo, pH karibu 5, vikundi hivyo huamshwa kwa kemikali za kuunganisha. Kisha uso huwekewa kiungo chenye amini mbili katika pH karibu 7.5, na upande wa pili wa kiungo hushika karatasi za oksidi ya grafini zilizoamshwa vivyo hivyo. Kaboni inakuwa imefungwa kwa kemia, haikupakwa tu. Kundi la Yale lilitoa matokeo ya kazi hiyo mwaka 2014: takriban asilimia 65 ya E. koli walikufa baada ya saa moja ya kugusa kiwambo, na upitishaji wa maji haukuharibika.

Asilimia 65 inasikika vizuri, ila ifanyie hesabu. Waliobaki ni asilimia 35, na wanahitaji kugawanyika mara moja na nusu tu kurudi walipoanza. Wale waliokufa nao hawaondoki. Maiti zao hulala juu ya kaboni, na seli zinazofuata hutua juu ya maiti bila kugusa kitu kikali. Kwa hiyo kazi ya kaboni kwenye kiwambo ni kuchelewesha, kuongeza muda kati ya kuosha na kuosha. Kwa mwenye mtambo hiyo ni pesa halisi: umeme kidogo, kemikali kidogo, kiwambo kinachodumu. Kinachoifanya idumu zaidi ni kuunganishwa na mbinu ya kufukuza, kwa mfano nyuzi za polima zinazopenda maji, ili maiti zisombwe. Ipo pia njia ya umeme. Mwaka 2014 kundi la James Tour, chuo cha Rice, lilichoma plastiki ya poliimaidi kwa leza na kupata grafini yenye povu, na mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba uso huo unakataa utando, na ukipewa volti chache ndani ya maji unaua bakteria waliokaribia. Umeme hausumbuliwi na maiti kama makali yanavyosumbuliwa.

Bandarini na hospitalini

Mabaharia wa Mji wa Kale walijua tangu zamani kwamba jahazi lisilopakwa huota, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ilikuwa jibu lao. Meli za chuma zilipata rangi zenye sumu ya madini ya bati, zikafanya kazi vizuri mno hadi zikaharibu konokono na chaza, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 wa kuzipiga marufuku ukaanza kutumika mwaka 2008. Kaboni imejaribiwa badala yake, na dozi iliyofaa ni ndogo ajabu: asilimia 0.05 ya mirija ya nano ndani ya rangi ya silikoni. Hapo haiui chochote. Inabadilisha uso tu, ili kilichoota kishike kwa ulegevu na kung'oka kwa mwendo wa chombo. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito: kaboni inapitisha umeme, na rangi yenye kaboni nyingi ikikwaruzwa juu ya chuma ndani ya maji ya bahari, chuma kilichofunuliwa huliwa haraka kuliko kingekuwa bila rangi hiyo.

Kwa mipira ya kutolea mkojo hospitalini, hatari ya maambukizi huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7 kwa kila siku mpira unapokaa. Mipako ya kaboni kwa kazi hiyo inachunguzwa, ila kinachookoa mgonjwa wa leo ni kuutoa mpira siku ile usipohitajika.

Kupima bila kudanganywa

Wanafunzi wengi wa maabara huanza na kipimo cha kristali violeti, ambayo ndiyo ileile GV ya zambarau ya kupaka vidonda. Vipande vya sentimita 1 kwa 1 vilivyopakwa kaboni huwekwa kwenye visahani pamoja na bakteria wa usiku uliopita waliopunguzwa mara 100, vikaachwa saa 24 hadi 48 katika nyuzi 30. Kisha suuza mara tatu kwa maji ya chumvi, tia rangi ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, suuza tena, yeyusha rangi iliyoshika kwa asidi ya asetiki ya asilimia 30, hamishia kwenye kisahani kipya na usome mwanga wa nanomita 550.

Kwa kaboni, kipimo hiki kina mitego. Kaboni hunyonya kristali violeti yenyewe, kwa hiyo kipande kisicho na bakteria hata mmoja kitasoma kama kina utando. Lazima kiwepo kipande kilichopakwa kisichotiwa bakteria, na thamani yake iondolewe. Vipande vyeusi vikikatika na kuingia kwenye asidi, navyo huzuia mwanga. Zaidi ya hayo, rangi hushika maiti na wazima bila kubagua. Ndiyo maana kuhesabu makoloni, yaani marundo yanayoota kutoka kwa seli hai, ni lazima: ng'oa utando kwa dakika 5 kwenye beseni la mawimbi ya sauti, punguza mara kumi kumi, mwaga mikrolita 100 kwenye agari, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na uhesabu sahani zenye makoloni 30 hadi 300 tu. Na tumia maji ya kisima cha Kisauni au Likoni, si mchuzi peke yake, kisha rudia baada ya siku 7 na 30. Uso unaoshinda saa 24 na kushindwa wiki ya pili haujashinda.

Usalama wa anayeshika na anayekunywa

Mirija ya nano mirefu na migumu ikivutwa hewani hufanya kama nyuzi za asbesto. Hilo lilionekana kwa panya mwaka 2008, na aina moja, MWCNT-7, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini ilipendekeza mwaka 2013 kikomo cha mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Kwa vitendo: unga mkavu usifunguliwe kwenye meza yenye feni, kazi ifanywe kwa tope la maji, na kumwagika kufutwe kwa kitambaa kibichi, kamwe kwa ufagio. Kipande kilichopakwa nacho kipimwe kama kinaachia chembe, maana kaboni inayotoka kwenye uso inaingia kwenye kikombe.

Usichanganye haya na makaa amilifu ya vichujio vya nyumbani. Hayo pia ni kaboni, lakini hufanya kinyume: gramu moja ina eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500, inaondoa klorini na kukusanya chakula, na bakteria huota humo kwa wingi. Fungua kichujio kilichopitiliza muda wake na uguse ndani ya kopo lake. Utakuta utelezi uleule wa mtungi. Kibadilishe kwa tarehe, hata kama maji bado yana ladha nzuri.

Muuzaji akikuletea tangi au kichujio cha grafini, muulize karatasi zimefungwaje kwenye plastiki, mabaki ya manganisi na chuma ni kiasi gani, kilipimwa kwa maji gani na kwa siku ngapi, na kiasi gani cha kaboni hutoka majini. Asipokuwa na majibu kwa maandishi, hela hiyo inatosha kuosha tangi miaka mingi.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Maji yatolewe, kuta zisuguliwe kwa brashi ngumu mpaka utelezi wote utoke, hasa kwenye mstari wa maji na pembeni mwa bomba la kutokea, kwa kuwa klorini peke yake haing'oi ute. Suuza na umwage. Tia maji robo ya tangi, kisha kwa kila lita 1,000 za ujazo wake tia gramu 80 za unga wa klorini wa asilimia 65 ulioyeyushwa kwenye ndoo, au lita 1.4 hivi za dawa ya maji ya asilimia 3.5 isiyo na manukato wala sabuni. Isichanganywe na asidi ya kuoshea choo, hutoa gesi ya sumu. Jaza tangi, fungua kila mfereji mpaka harufu ya klorini isikike, funga, acha saa 24. Mwaga mahali pasipo bustani wala shimo la choo, jaza tena, na upime: klorini kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita kwenye mfereji wa mbali kabisa ndipo watu waanze kutumia.